Sura ya Tano: Mechi 770, Klabu Moja

Kwa miaka mingi ligi ya soka ya England ilikuwa na klabu 92 zilizogawanywa katika madaraja manne. Dunia ilizijua klabu kumi hivi. Zilizobaki zilijulikana na watu wa miji yao, na watu hao walizijua hadi mfukoni: nani anaumwa goti, nani amekosana na kocha, nani anauzwa ili paa la jukwaa lizibwe. Jumamosi saa tisa alasiri kipenga kilipulizwa katika viwanja zaidi ya arobaini kwa wakati mmoja, na katika kila uwanja palikuwa na mabeki wawili wa kushoto ambao kesho yake magazeti ya London hayangewataja. Sura hii inamhusu mmoja wao.

Jina lake ni John Trollope. Kati ya mwaka 1960 na 1980 alicheza mechi 770 za ligi, zote akiwa na jezi ya Swindon Town. Hakuna mchezaji mwingine katika historia ya ligi hiyo aliyeichezea klabu moja mechi nyingi hivyo. Ryan Giggs, ambaye maisha yake yote ya soka yalipita Manchester United, aliishia mechi 672 za ligi. Paolo Maldini wa Milan, beki ambaye Italia nzima inamtaja kwa heshima, aliishia 647. Trollope hakucheza hata mechi moja ya ligi katika daraja la juu kabisa, wala hakuwahi kuvaa jezi ya timu ya wakubwa ya England. Rekodi kubwa kuliko zote za aina yake iliwekwa huku chini, katika daraja la pili na la tatu, na nadhani ilikuwa lazima iwekwe huko. Sababu zake nitazieleza.

Swindon ni mji wa reli. Karakana za Great Western Railway zilifunguliwa hapo mwaka 1843, na kwa zaidi ya miaka mia moja mji ulikula na kujenga kwa mshahara wa karakana hizo. Mwezi Machi 1960 ndipo ilipotoka injini ya mwisho ya mvuke kuundwa kwa ajili ya shirika la reli la Uingereza, nayo wakaiita Evening Star. Miezi mitano baadaye, tarehe 20 Agosti, Swindon Town waliwakaribisha Halifax Town kwenye uwanja wao wa County Ground katika daraja la tatu. Beki wa kushoto alikuwa mvulana wa miaka 17 aliyezaliwa Wroughton, kijiji kilichoko kusini mwa mji huo.

Kocha Bert Head hakuwa na fedha za kununua wachezaji, kwa hiyo aliwalea. Kikosi chake kilijaa vijana wa ishirini na kurudi chini: Mike Summerbee kwenye winga, Ernie Hunt mbele, na baadaye kidogo Don Rogers, winga wa kushoto ambaye watu wa Swindon wanamzungumzia hadi leo kana kwamba alicheza juzi. Upande wa kushoto Rogers alipopanda na mpira, nyuma yake palikuwa na Trollope. Mashabiki walilipa kiingilio wamwone Rogers. Ila winga anaweza kwenda mbele bila kugeuza shingo pale tu anapojua aliyebaki nyuma ni nani.

Tuitazame kazi yenyewe, maana beki wa pembeni wa miaka ile hafanani na wa leo anayeshinda nusu ya mechi kwenye eneo la wapinzani. Beki wa kushoto wa mwaka 1960 alipewa mtu mmoja, winga wa kulia, na kazi yake ilikuwa kuishi naye dakika tisini. Winga anapokea mpira akiwa amegeukia lango. Beki mchanga hukimbilia mpira, akapigwa chenga, akabaki anautazama mgongo wa mwenzake. Beki anayeijua kazi husogea haraka kisha akapunguza mwendo hatua mbili kabla ya kufika. Husimama kiupande, magoti yamelegea, mguu mmoja mbele, akimwachia winga njia moja tu, ile ya kando ya mstari, huku yeye akirudi nyuma taratibu na macho yakiwa kwenye mpira. Miguu ya winga itasema uongo, mabega pia; mpira hausemi uongo. Winga ataugusa mara ya kwanza, mara ya pili, na katika mguso wa tatu au wa nne mpira utamtoka nusu hatua zaidi ya alivyotaka. Hapo ndipo beki anapoingia. Asipoingia hapo, krosi imeshapigwa.

Fanya hivyo mara ishirini au thelathini katika mechi moja, kwenye uwanja ambao kuanzia Novemba hadi Machi katikati pamekuwa tope tupu, na mpira wa ngozi unaonyonya maji ukazidi kuwa mzito. Kumkwatua mtu kutoka nyuma kuliruhusiwa kwa kiasi ambacho leo kingeleta kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kadi zenyewe hazikuanza kutumika katika ligi hiyo mpaka mwaka 1976. Wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa kuingia hadi msimu wa 1965. Aliyeumia alipelekwa pembeni, kwenye winga, achechemee huko ili mradi timu isionekane pungufu. Trollope alianza kazi katika mazingira hayo, na akacheza mechi za ligi zaidi ya 350 mfululizo bila kukosa hata moja.

Kuna jambo la fedha linalopaswa kusemwa hapa, kwa sababu habari za wachezaji waliodumu na klabu moja husimuliwa mara nyingi kama habari za mapenzi matupu. Trollope aliposhuka uwanjani mara ya kwanza, hapakuwa na mchezaji England aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki wakati wa msimu na pauni 17 wakati wa kiangazi. Kiwango hicho kilifutwa Januari 1961, baada ya chama cha wachezaji chini ya Jimmy Hill kutishia mgomo, na mara Johnny Haynes wa Fulham akaanza kulipwa pauni 100. Lakini Haynes alikuwa nahodha wa taifa. Klabu za daraja la tatu hazikuwa na pauni 100 za kumpa yeyote. Isitoshe, mkataba wa mchezaji ulipokwisha klabu iliweza kuendelea kushikilia usajili wake, asilipwe na asiende popote, mpaka George Eastham alipoishtaki Newcastle United na mahakama, mwaka 1963, ikatamka kwamba utaratibu huo ulibana kazi ya mtu isivyo haki.

Kwa hiyo wachezaji wengi wa kizazi hicho walikaa kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Hilo ni kweli na halipunguzi chochote. Mlango ulipoanza kufunguliwa Trollope alikuwa na miaka 20, na bado alicheza Swindon miaka mingine 17. Soko nalo lilikuwa na macho yake: lilitaka wafungaji na mawinga. Klabu ndogo iliuza mbele ili ilipe nyuma. Summerbee aliondoka kwenda Manchester City mwaka 1965, Hunt akaenda Wolverhampton mwaka huohuo, Rogers akaenda Crystal Palace mwaka 1972. Beki wa kushoto alibaki, na kila timu mpya iliyoundwa ilianza kuundwa yeye akiwa tayari yumo.

Msimu wa 1962/63 baridi iliigandisha England kiasi kwamba raundi ya tatu ya Kombe la FA ilichukua siku 66 kumalizika. Viwanja viligeuka barafu na mechi zikarundikana hadi mwisho wa msimu. Swindon walitoka kwenye mrundikano huo wakiwa nafasi ya pili, nyuma ya Northampton, wakapanda daraja la pili kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Walidumu humo misimu miwili, na namna walivyoshuka inastahili kukaa nayo kidogo. Katika siku za mwisho za msimu wa 1964/65 Swindon na Portsmouth walikuwa wanagombania kubaki. Tarehe 24 Aprili Portsmouth walikuwa ugenini Northampton, wanahitaji pointi moja. Kikosini alikuwamo Jimmy Dickinson, ambaye siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 40 na kucheza mechi yake ya mwisho. Dickinson alikuwa amechezea England mara 48, alikuwa bingwa wa nchi mara mbili akiwa na Portsmouth, na katika miaka 19 mwamuzi hakuwahi kuliandika jina lake kwenye kijitabu. Mechi iliisha 1-1. Portsmouth walimaliza na pointi 34, Swindon 33, Swindon wakashuka. Dickinson akatundika daluga akiwa na mechi 764 za ligi kwa klabu moja, rekodi ambayo watu waliamini haitafikiwa. Atakayeivunja alikuwa miongoni mwa walioteremshwa na pointi ile, kijana wa miaka 21. Head alifukuzwa, wachezaji wake bora wakauzwa, na Trollope akarudi daraja la tatu.

Kocha mpya, Danny Williams, ndiye aliyekiunda upya kikosi. Agosti 1968 Trollope alivunjika mkono na ule mfululizo mrefu ukakatika. Alipopona alirejea kwenye timu iliyokuwa inapigania kupanda daraja, huku ikisonga mbele katika Kombe la Ligi kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Coventry City wa daraja la kwanza waliondolewa. Derby County ya Brian Clough, timu iliyokuwa inaelekea kutwaa ubingwa wa daraja la pili, ikaondolewa. Burnley, nao wa daraja la kwanza, waliwalazimisha Swindon kucheza mechi ya tatu ya nusu fainali katika uwanja usio wa yeyote kati yao, wakafungwa 3-2.

Fainali ilichezwa Wembley tarehe 15 Machi 1969 mbele ya watu 98,189. Wapinzani walikuwa Arsenal, na wachezaji wao kadhaa walikuwa wametoka kuugua mafua. Uwanja wenyewe ulikuwa mgonjwa zaidi. Majani yalikuwa yameharibiwa na mashindano ya farasi yaliyofanyika humo, kisha mvua ikanyesha mpaka ardhi ikawa uji. Watu waliozoea kuiona Wembley kama zulia waliona wachezaji wakizama hadi vifundoni. Kwa timu ya daraja la tatu hali hiyo haikuwa ngeni; hivyo ndivyo Jumamosi zao za Februari zilivyokuwa.

Kipindi cha kwanza Ian Ure wa Arsenal na kipa wake Bob Wilson walitegeana kwenye mpira uliokuwa wao, na Roger Smart akausukuma wavuni. Kilichofuata kilikuwa kuzingirwa. Peter Downsbrough langoni alicheza mechi ambayo Swindon hawajaisahau. Mbele yake walisimama Rod Thomas kulia, Frank Burrows na nahodha Stan Harland katikati, Trollope kushoto. Ukiitazama filamu ya mechi hiyo utaona kazi niliyoieleza juu ikifanywa ndani ya tope: mtu harukii mpira, anarudi nyuma, anasubiri, anautoa nje, anarudi mahali pake. Kosa likaja dakika ya 86. Downsbrough alitoka langoni kuuondoa mpira, ukamgonga Bobby Gould wa Arsenal, na Gould akaumalizia kwa kichwa. 1-1.

Kila kawaida ya soka ilisema mambo yameisha. Timu ndogo iliyosawazishiwa dakika nne kabla ya kipenga cha mwisho, kwenye matope, dhidi ya klabu ya daraja la kwanza, huanguka katika muda wa nyongeza. Swindon hawakuanguka; waliokwisha miguu walikuwa Arsenal. Mwishoni mwa robo saa ya kwanza ya nyongeza kona ilizua vurumai langoni na Rogers akafunga. Dakika za mwisho kabisa, Arsenal wote wakiwa wamepanda, Rogers alipewa mpira peke yake, akakimbia nusu ya uwanja katika ule uji, akamzunguka Wilson na kufunga la tatu. Mabeki wa Swindon walilitazama goli hilo wakiwa mbali, upande wa pili wa uwanja, walikokuwa wamesimama alasiri nzima.

Msimu huo walipanda pia daraja. Ila zawadi ya kombe walinyimwa. Bingwa wa Kombe la Ligi alikuwa na nafasi katika Kombe la Fairs la Ulaya kwa sharti kwamba awe klabu ya daraja la kwanza, na Swindon hawakuwa. Queens Park Rangers walikuwa wamefanyiwa vivyo hivyo mwaka 1967. Uamuzi huo ulikuwa wa dhuluma, na naona muda haujausafisha. Kuwapoza, pakaanzishwa mashindano baina ya England na Italia. Swindon walifungwa 2-1 na Roma ugenini, kisha wakawachapa 4-0 County Ground. Mwaka uliofuata walikwenda Naples kwenye fainali ya kombe jingine la Waingereza na Waitaliano, wakawa mbele ya Napoli kwa 3-0 mpaka mashabiki wenyeji walipofanya fujo na mwamuzi akaivunja mechi dakika ya 79. Kombe walipewa Swindon.

Miaka ya sabini ilikuwa migumu na sina mengi ya kuieleza. Makocha walipita: Fred Ford, Dave Mackay, Les Allen, Danny Williams tena, Bobby Smith. Timu ilishika mkia wa daraja la pili mwaka 1974 na ikashuka. Kila kocha mpya alikuja na mipango yake, akatazama upande wa kushoto, akamkuta Trollope, akaendelea na nafasi nyingine. Mwaka 1978 alitunukiwa nishani ya MBE. Mwaka 1980, akiwa na miaka 37 na tayari amekwishaanza kuwafundisha vijana wa klabu, aliipita rekodi ya Dickinson na kuisogeza hadi 770. Ukijumlisha mechi za makombe, idadi inazidi 880.

Mwaka uliofuata alikabidhiwa timu, na mwaka 1982 Swindon ikashuka daraja la nne kwa mara ya kwanza. Aliondolewa mwaka 1983. Wapo wanaolitaja jambo hilo kama doa. Mimi naona klabu isiyo na fedha ilimtwika mtu wake mwaminifu kuliko wote mzigo ambao wenye majina walikuwa wameshindwa kuubeba. Alirudi kwa vijana, mahali alipokuwa wa maana zaidi. Mwanawe Paul alikuja kucheza Ligi Kuu akiwa na Derby County, na akaichezea Wales.

Trollope hakuwa wa peke yake. Roy Sproson wa Port Vale, mtoto wa Stoke-on-Trent, alicheza mechi zaidi ya 750 za ligi kati ya mwaka 1950 na 1972, karibu zote katika madaraja ya chini. Alikuwamo katika timu ya 1953/54 iliyofungwa magoli 21 tu katika mechi 46 za daraja la tatu kanda ya kaskazini, mechi 30 kati ya hizo bila nyavu zao kutikiswa, na ikafika nusu fainali ya Kombe la FA. Sanamu yake imesimamishwa nje ya uwanja wa Vale Park. Dickinson, Sproson, Trollope: watatu hao wote walikuwa watu wa nyuma, na wote walitoka katika mji waliouchezea au karibu nao.

Sasa tufanye hesabu. Timu ya daraja la tatu hucheza mechi 46 za ligi kwa msimu, nane zaidi ya timu ya Ligi Kuu. Ili kufika 770 mchezaji anahitaji misimu 16 kamili na zaidi ya nusu ya ule wa 17, bila kuumia, bila kufungiwa, bila kupumzishwa. Akiwa Ligi Kuu atahitaji misimu 20 na mechi kumi juu. Kwa hiyo nyota wa klabu kubwa hana hata ratiba ya kumwezesha, na kocha wake humpumzisha kwa ajili ya Ulaya. Beki wa daraja la chini anayo ratiba, lakini hana tena klabu ya kukaa. Tangu kesi ya Bosman ya mwaka 1995 mkataba ukiisha mchezaji ni huru kweli, na haki hiyo ilistahili kupatikana. Klabu nazo zimejirekebisha: mikataba ya mwaka mmoja au miwili, wachezaji wa mkopo wanaokuja Januari na kuondoka Mei, kocha mpya kila baada ya miezi kadhaa akija na beki wake. Graham Alexander, beki aliyeanzia Scunthorpe daraja la nne mwaka 1991, alicheza mechi zaidi ya 800 za ligi na akaonja Ligi Kuu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 37. Safari yake ni ya ajabu kama ya Trollope, lakini ilipitia Scunthorpe, Luton, Preston na Burnley, kisha Scunthorpe tena.

Karakana za reli za Swindon zilifungwa mwaka 1986, na klabu imepanda na kushuka mara nyingi, ikiwa ni pamoja na msimu mmoja wa Ligi Kuu, 1993/94, iliporuhusu magoli 100. Rekodi ya beki wake wa kushoto ingali palepale, na kwa namna soka inavyoendeshwa sasa, sioni itakavyovunjwa.